Pawa saplai tatu ndani ya miezi minane. Kabla sijanunua ya nne, nani alaumiwe?

#1 stesheni_mwz
Wakuu, salaam. Kompyuta ya mezani ya stationery, Mwanza. CPU ni kasha la kawaida la ATX, madabodi ya H81, i5-4570, RAM DDR3 vijiti viwili vya 4GB, diski ya 500GB, haina kadi ya picha. Tangu Machi imekula pawa saplai tatu, kijiti kimoja cha RAM, na sasa diski nayo inaanza visa. Pawa saplai zote zilinunuliwa mpya, zile zimeandikwa 500W ubavuni.

Ya kwanza ilipiga "pa!" umeme uliporudi baada ya kukatika. Ya pili ilianza kugoma asubuhi, unabonyeza mara nne tano ndipo inakubali, mwisho ikagoma kabisa. Ya tatu inawaka, ila mashine inajizima na kujiwasha yenyewe. Cha ajabu inafanya hivyo ikiwa imetulia tu. Ukiipa kazi nzito haijizimi.

Kuna UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ya 650VA. Fundi wa kwanza kasema madabodi ina shoti. Wa pili kasema umeme. Nani yuko sahihi?

#2 Nyundo
Wote wawili umeshawalipa, kwa hiyo wote wako sahihi.

#3 WayaMwekundu
Stationery maana yake kuna printa ya leza. Imechomekwa wapi?

#4 stesheni_mwz
UPS ina matundu manne nyuma. Kasha, skrini, printa ya leza na mashine ya kulamineti.

#5 WayaMwekundu
Nilijua. Mkuu, ndani ya printa ya leza kuna fyuza, ile sehemu inayochoma wino kwenye karatasi. Ni hita. Inapoanza kupasha inavuta wati 600 mpaka 1000 kwa sekunde chache, inaacha, inavuta tena. UPS ya 650VA uwezo wake halisi ni wati 360 hadi 390. Mashine ya kulamineti ni hita ya pili. Kila ukichapa unaipiga UPS ngumi, na aliyekaa nayo bega kwa bega ni pawa saplai yako. Ondoa printa na lamineti kwenye UPS leo hii, zipeleke ukutani kwenye soketi yao. Hapo hutahitaji uzi mrefu.

#6 kapasita47
Uzi utakuwa mrefu tu. Mkuu WayaMwekundu, printa itoke, hilo sipingi. Ila msomeni vizuri mwenye uzi: vifo vitatu, na hakuna kinachofanana na kingine.

Cha kwanza, "pa" umeme ukirudi. Hicho ni kifo cha upande wa umeme mkubwa. Ukiifungua utakuta fyuzi ya kioo imekuwa nyeusi ndani kama chemli iliyotoa moshi, na daraja la dayodi (linalogeuza AC kuwa DC) au zile transista mbili kubwa zimepiga shoti. Fyuzi ikikatika na kioo kikabaki safi, ilizidiwa kidogo kidogo. Kioo kikiwa cheusi, kuna kitu kilipiga shoti papo hapo.

Cha pili, kugoma asubuhi mpaka ubembeleze. Hiyo ni sakiti ya stendibai, ile 5V inayobaki hai hata mashine ikiwa imezimwa, waya wa zambarau, pini ya 9 kwenye plagi ya pini 24. Kapasita zake zimekauka. Na hapa ndipo ninapotaka mtu anisikilize: kwenye pawa saplai za bei ya chini, stendibai inaendeshwa na transista moja au mbili tu na kapasita ndogo upande wa moto, mara nyingi 22µF au 47µF ya 50V. Ikikauka hiyo, 5V haishuki, inapanda. Na stendibai ndiyo inayolisha USB na sehemu za madabodi zinazobaki macho usiku kucha. Kijiti cha RAM kilichokufa kinaweza kuwa kiliuawa na pawa saplai ya pili, na fundi akaona madabodi ndiyo mkosaji.

Cha tatu bado hakijawa kifo, ni ugonjwa. Tupe vipimo.

Ukitaka kufungua maiti: chomoa waya, subiri, halafu bado usiamini. Kapasita mbili kubwa zinashika kama volti 320 za DC (230 mara 1.41). Zitoe chaji kwa taa ya waya ya wati 60 kwa sekunde kadhaa, kisha pima mpaka mita isome chini ya 5. Kama huna mita, usifungue.

#7 Mzee wa Mita
Wakubwa mmeshaanza kuzika kabla ya daktari. stesheni_mwz, tafuta mita ya kawaida ya digitali, iweke AC, upime hivi uandike:

Laini (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) kwenye soketi ya ukutani: asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Halafu laini na ethi (waya wa usalama unaoingia ardhini). Halafu nyutro na ethi. Halafu laini na nyutro wakati printa inapasha.

Kisha weka DC, pima waya wa njano kwenye plagi ya pini 4 ya prosesa, ncha ya mita iingie kwa nyuma ya plagi mashine ikiwa inafanya kazi. Iwe kati ya 11.40 na 12.60. Kwenye plagi ya pini 24, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Wa rangi ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Wa zambarau kama mwekundu.

#8 Binti Soketi
Nami nina swali moja tu. Waya wa umeme wa hilo kasha una plagi gani mwishoni?

#9 stesheni_mwz
Plagi ya mviringo, pini mbili. Ulikuja na mashine.

#10 Binti Soketi
Na inaingiaje kwenye soketi yetu ya matundu matatu?

#11 stesheni_mwz
Kwa kalamu 😅

#12 Nyundo
Wino wa buluu au mweusi? Mita isije ikasoma vibaya.

#13 Binti Soketi
Nilihisi. Kwa wasiojua: soketi zetu za Kiingereza zina vifuniko ndani ya matundu ya laini na nyutro. Pini ndefu ya ethi ndiyo inayovifungua. Mtu anachomeka kalamu kwenye tundu la juu, vifuniko vinafunguka, anasukuma plagi ya Ulaya, anachomoa kalamu. Umeme unapita, ethi haipo kabisa. Plagi ile ina ethi yake, ni vile vibati viwili vya pembeni, lakini kwenye soketi yetu havigusi chochote. Na pini zake ni za duara wakati vishikio vimetengenezwa kwa pini bapa, kwa hiyo zinacheza. Zikicheza zinatoa cheche, zikitoa cheche zinaungua. Itazame plagi yako: kama plastiki kati ya pini imekuwa kahawia, basi umeme ulikuwa ukikatika na kurudi maelfu ya mara bila wewe kuona.

Swali la pili: ukigusa kasha bila viatu, linakupiga shoti?

#14 stesheni_mwz
Linatekenya, hasa sehemu za skrubu nyuma. Nikafikiri ni kawaida.

#15 Binti Soketi
Sababu ni hii. Kwenye mlango wa umeme wa pawa saplai kuna kapasita mbili ndogo, moja kutoka laini kwenda kwenye bati la kasha, nyingine kutoka nyutro kwenda kwenye bati hilohilo. Kazi yake ni kumwaga kelele za umeme kwenye ethi. Ethi isipokuwepo, bati linakaa katikati, nusu ya umeme wa ukutani, kama volti 115. Mkondo ni mdogo, chini ya miliampea 1, ndiyo maana linatekenya tu. Ila ukichomeka waya wa VGA au USB kutoka kifaa kingine ambacho nacho kinaelea, tofauti yote inapita kwenye hiyo plagi unayoishika. Milango ya USB inakufa hivyo.

Nunua waya wa plagi ya pini tatu bapa, ndani yake fyuzi ya ampea 5, inatosha sana kwa kompyuta.

#16 WayaMwekundu
Kumbe ndiyo hiyo! Ethi hakuna, pawa saplai lazima zife. Kesi imekwisha.

#17 Mzee wa Mita
Haijaisha. Pawa saplai haifi kwa sababu ethi haipo. Inafanya kazi kwa laini na nyutro. Kukosa ethi ni hatari kwako, kwa milango ya USB, na kwa varista (vipande vinavyomeza kishindo cha umeme) zile zinazotegemea ethi kumwaga radi. Lakini "pa" ya kwanza haikusababishwa na ethi. Binti Soketi hakusema hivyo, umemwongezea.

Pini zinazocheza ni jambo jingine, hilo nalikubali.

#18 Dala_Kisumu
Sasa wakubwa. Huku ng'ambo ya ziwa stima ikirudi huja na kishindo, na radi ni ya kila wiki msimu wa mvua. Uliza kama kuna waya wa LAN (wa mtandao) unaotoka nje kwenda kwa ruta au kwa jengo lingine. Radi si lazima iingie kwa soketi, huingia kwa waya mrefu wowote. Dalili: chipu ndogo ya LAN karibu na mlango wa waya ikiwa moto kuliko kidole kinavyoweza kuvumilia, au mlango wa LAN umekufa lakini mashine inaendelea, kisha inajizima ovyo. Chomoa LAN, iache siku mbili uone.

#19 Nyundo
Stima huku Mwanza ni meli, bosi. Ikirudi tunaipokea bandarini.

#20 Dala_Kisumu
Basi mpokee na pawa saplai ya nne humo humo.

#21 stesheni_mwz
LAN ipo, waya wa mita 20 hivi, unapita nje juu ya paa kwenda duka la pili. Mlango wake unafanya kazi.

Vipimo. Laini na nyutro: asubuhi 228, saa nane mchana 211, saa nne usiku 251. Printa ikipasha mchana inashuka hadi 197. Laini na ethi 118. Nyutro na ethi 109. Na kuna kitu sikukielewa: jirani ni fundi wa kuchomelea mageti. Akigusisha, taa zangu zinaongezeka mwanga. Nimepima mara tatu, inapanda mpaka 259 kisha inarudi.

#22 Mzee wa Mita
Sasa tumepata mgonjwa.

Moja: laini na ethi ilipaswa kuwa karibu sawa na laini na nyutro, na nyutro na ethi iwe volti chache tu. Wewe una 118 na 109. Jumlisha, 227. Maana yake tundu la ethi ukutani lipo lakini nyuma yake hakuna kitu, linaelea, na vifaa vyako vyenyewe vimelivuta mpaka katikati kama alivyoeleza Binti Soketi. Kwa hiyo hata ukinunua waya mpya wa pini tatu, bado huna ethi. Fundi umeme afuate waya kutoka soketi hadi kwenye bodi, na kutoka bodi hadi kwenye fimbo ya shaba iliyo ardhini. Mara nyingi waya umekatika au umeng'olewa pale kwenye fimbo. Na mwambie asijaribu kwa taa kati ya laini na ethi vifaa vikiwa vimechomekwa: kama ethi inaelea, kila bati la ofisi litakuwa laini.

Mbili, na hii ndiyo kubwa. Umeme ukibebeshwa mzigo hushuka. Wako unapanda mtu mwingine akiweka mzigo. Hiyo ni nyutro iliyolegea mahali ambapo wewe na jirani mnaitumia pamoja, na mko kwenye fezi tofauti (waya tofauti za laini kutoka kwenye nguzo). Nyutro ikiwa nzima, kila mmoja anapata 230 yake. Ikilegea, mnaanza kugawana ile 400 iliyoko kati ya fezi mbili: mwenye mzigo mkubwa anapata kidogo, mwenye mzigo mdogo anapata nyingi. Ikikatika kabisa siku moja, wewe mwenye kompyuta tu unaweza kupata 350 na zaidi. "Pa" yako ya kwanza naiweka hapo.

Ilipolegea ni pengine kwenye mein swichi ya jengo, au ndani ya boksi la mita ambalo lina lakiri na huruhusiwi kuligusa, au juu kwenye nguzo. Waite watu wa umeme, waoneshe mita fundi akiwa anachomelea. Usiwaambie "umeme mbovu", waambie "nyutro".

#23 kapasita47
Heshima kwako, mzee. Lakini 259 ya mara moja moja haiui pawa saplai nzuri, nyingi zimetengenezwa kuvumilia mpaka 264. Shida ni kwamba hizi si pawa saplai nzuri.

stesheni_mwz, chukua ile iliyoandikwa 500W, soma mstari wa 12V. Naamini utakuta 15A au 16A. Zidisha: 12 mara 15 ni 180W. Hiyo ndiyo nguvu ya maana, hizo nyingine wamejumlisha 5V na 3.3V ambazo mashine ya leo haizitumii sana. Bado inatosha, maana i5-4570 na diski moja bila kadi ya picha haivuki sana wati 100 hata ikikazwa. Kwa hiyo hazikufa kwa kuzidiwa. Mulika tochi kwenye matundu ya feni, utazame pale waya wa umeme unapoingia. Panapotakiwa kuwa na koili mbili za shaba na kapasita za mraba za njano, utakuta matundu matupu na kipande cha waya kimechomelewa kuvuka mahali pa koili. Varista hakuna. Yaani kila kishindo cha umeme kinaingia bila kubisha hodi.

Bora 300W ya kampuni inayojulikana kuliko 500W ya stika.

#24 stesheni_mwz
12V 15A. Umejuaje? Na matundu ya koili yako wazi kama ulivyosema.

#25 Del_F2_F10
Naona wote mko ukutani, mimi naomba turudi kwenye ile ya tatu. Mashine inajizima ikiwa IMETULIA. Hakuna aliyegusa hapo.

i5-4570 ni Haswell, kizazi cha 4, mwaka 2013. Prosesa hizo zilikuja na hali mpya za usingizi, C6 na C7, ambapo prosesa inavuta mkondo mdogo mno kwenye 12V, mpaka ampea 0.05. Pawa saplai za muundo wa zamani zinasawazisha 12V na 5V kwa koili moja. Mzigo wa 12V ukipotea ghafla wakati 5V bado ina diski na USB, 12V inapaa nje ya mipaka, ulinzi unakata, mashine inajiwasha upya. Ilijulikana tangu prosesa hizo zinatoka. Dalili yake ndiyo hii: ikifanya kazi ni nzima, ikipumzika inaanguka.

Ingia BIOS (menyu ya mipangilio kabla Windows haijawaka), tafuta C6/C7 au C-States, zima. Haigharimu hata shilingi.

Na kwenye Windows fungua Event Viewer, System. Utakuta Kernel-Power 41. Watu wanaiogopa bure, inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Fungua maelezo, angalia BugcheckCode. Ikiwa 0, umeme ulikatika au mashine iliganda, Windows haikupata nafasi ya kuandika chochote. Ikiwa na namba, tuletee. WHEA-Logger (ripoti ya hitilafu za vifaa) ikiwepo karibu yake, hapo prosesa, RAM au madabodi ndiyo inalalamika.

#26 fundi_kota
Habari wana uzi. Madabodi kama ina shoti ni rahisi kujua. Chomoa pawa saplai, weka mita kwenye ohm, pima plagi ya pini 4 ya prosesa, njano na nyeusi. Halafu pima koili zile zinazozunguka prosesa kwenda ardhini. Ukikuta ohm 1 au chini popote, madabodi imeshakufa, usipoteze hela.

#27 kapasita47
Nusu yake sahihi, nusu itaua madabodi nyingi nzima. Kwenye plagi ya pini 4, ndiyo, uone mamia ya ohm au zaidi, na ukikuta ohm 2 kuna mosfeti (transista inayolisha prosesa) imepiga shoti. Lakini kwenye koili za prosesa, upande wa pili wa koili ni prosesa yenyewe, na prosesa ni kama shoti kwa mita. Ohm 1 au pungufu hapo ni kawaida kabisa. Ukitaka kuhukumu koili, toa prosesa kwanza.

#28 fundi_kota
Asante kwa masahihisho. Nilisahau kusema prosesa iwe nje.

#29 Nyundo
Na mwenye uzi naye aache kuliita kasha "CPU". CPU ni kile kibati cha mraba kilichoko chini ya feni.

#30 Binti Soketi
Muache. Nenda dukani useme "nataka kasha" uone utaoneshwa sanduku la nguo.

#31 mama_toner
Printa ya leza ina jambo jingine ambalo halijasemwa. Vumbi la wino. Likimwagika, feni ya pawa saplai iliyo karibu inalivuta, na lile si vumbi la barabarani, ni plastiki laini sana, likikutana na joto linaganda kwenye hitisinki kama lami. Likichanganyika na unyevu wa ziwani na mavi ya mende, linapitisha umeme. Kasha likae juu ya meza, mita moja au zaidi kutoka printa. Kusafisha tumia brashi laini na upepo, usitumie mashine ya kunyonya ya nyumbani. Na ukipuliza, shikilia feni isizunguke.

Ukifika hapo badilisha pesti ya prosesa pia. Kiasi cha punje ya mchele mbichi katikati. Ukiona prosesa ya aina hii inakaa juu ya nyuzi 85 kazini, pesti imekauka au moja ya zile pini nne za plastiki za feni imechomoka nyuma ya madabodi.

#32 Del_F2_F10
Kabla hajasahau: RAM na diski. Memtest86+ (programu ya kupima RAM) kwenye flashi, kijiti kimoja kwa wakati, mizunguko 4, tundu moja kisha la pili. Kosa likifuata kijiti, kijiti. Kosa likibaki kwenye tundu, tundu au madabodi. Diski soma SMART (ripoti ya afya inayotunzwa na diski yenyewe). Namba 5 na 197 zikipanda, uso wa diski unaharibika, nakili kazi za wateja leo. Lakini namba 199 ikipanda peke yake, hiyo ni waya wa SATA au umeme wake, diski ni nzima. Wengi wanatupa diski kwa waya wa elfu tatu.

#33 WayaMwekundu
Mimi bado nina wasiwasi na UPS. Hizi zinatoa wimbi la ngazi, halifanani na umeme wa kawaida. Je, haiwezi kuwa ndiyo muuaji?

#34 kapasita47
Wimbi la ngazi linasumbua pawa saplai zenye PFC hai (sakiti inayonyoosha mkondo unaovutwa ukutani), na hizo za 500W za stika hazina PFC yoyote. Kwa hizi tatu, hapana. Ila akinunua nzuri, atakutana nalo: umeme ukikatika UPS inabadilisha, na pawa saplai inazima mashine hapo hapo. Aijaribu kwa kuchomoa UPS ukutani kabla kazi ya mteja haijafunguliwa. Betri ya 12V 7Ah ikiwa na miaka mitatu nayo ni ya kutilia shaka.

#35 stesheni_mwz
Wakuu, nashukuru, nimefanya kazi jana kutwa. Nimezima C6/C7. Nimepeleka printa na lamineti ukutani. Nimenunua waya wa pini tatu. LAN nimechomoa. Nimesafisha, pesti mpya. Mpaka sasa saa 30, haijajizima hata mara moja. BugcheckCode zote za nyuma ni 0. SMART: namba 5 ni 0, 197 ni 0, 199 ni 1,412. Nimebadilisha waya wa SATA.

Pawa saplai ya tatu nimeijaribu nje kama mtu mmoja alivyonishauri kwa ujumbe: waya wa kijani na mweusi pamoja ili iwake bila madabodi, taa mbili za indiketa ya gari za 21W kwenye 12V kama mzigo. 12V ilisoma 11.21, 5V ikasoma 5.31.

#36 Mzee wa Mita
Mwanangu, umebadilisha vitu sita siku moja. Sasa hata ikikaa mwezi bila kuzima, nani atajua kilichoiponya?

#37 Del_F2_F10
C6.

#38 WayaMwekundu
Printa.

#39 Binti Soketi
Plagi iliyokuwa inacheza. Umeitazama, imekuwa kahawia?

#40 stesheni_mwz
Pini moja ni nyeusi mpaka shinani.

#41 kapasita47
Vyote hivyo havielezi 11.21 na 5.31 kwenye meza, bila madabodi, bila prosesa, bila printa. Ampea tatu na nusu tu na tayari 12V imetoka nje ya mipaka huku 5V ikipanda. Hiyo pawa saplai ni mbovu yenyewe, na kila ulichofanya jana kimeipunguzia nafasi ya kuonesha ubovu wake. Usiirudishe kwenye mashine.

Del, ukitaka kuthibitisha yako: akiweka pawa saplai nzuri, awashe tena C6/C7, hicho kimoja tu, aiache imetulia usiku.

#42 Del_F2_F10
Pawa saplai nzuri itavumilia C6, kwa hiyo jaribio hilo halithibitishi chochote. Arudishe C6 na hiyo hiyo mbovu.

#43 Mzee wa Mita
Na 259 ya fundi mageti itaisubiri hiyo nzuri palepale. Watu wa umeme umewaita?

#44 stesheni_mwz
Nimepiga, wamesema watakuja. Nimeweka kifaa cha kulinda friji kabla ya UPS kwanza, kinakata juu ya 260 na kusubiri dakika kadhaa umeme ukirudi.

#45 kapasita47
Vizuri. Tupigie picha ya ndani ya ile ya kwanza, fyuzi na daraja la dayodi. Kioo kikiwa cheusi, mzee ana haki ya kudai soda kwa kila mtu humu.

#46 stesheni_mwz
Ile ya kwanza niliwapa vijana wa skrepa mwezi wa nne.

#47 Nyundo
😂😂 Shahidi mkuu kauzwa kwa kilo.